Mjane na Senti Mbili: Tuanze Kusoma Juu Kidogo

Injili inayopendwa sana kwenye harambee zetu ni ile ya mjane maskini (Marko 12:41-44). Sote twaijua. Matajiri wanatia pesa nyingi katika sanduku la Hekalu, mjane anatia vijisenti viwili, na Yesu anasema huyu ametoa kuliko wote. Halafu kikapu kinapitishwa. Sisi wenyewe tumeisoma mara nyingi tukihimiza watu watoe mchango.

Lakini siku moja tulishikwa na aibu. Tulitembelea kikundi tulichokuwa tumekifundisha. Kilikuwa kikichanga pesa za tangi la maji, kila mwanachama kiasi kile kile. Mama mmoja mzee, mjane anayelea wajukuu watatu, alikuwa amemaliza kulipa, na wenzake wakampigia makofi. Jioni tulipopita kwake tulikuta jiko halina moto. Alikuwa ameuza gorogoro za mwisho za mahindi. Tukamwuliza, "Mama, mbona hukusema?" Akajibu, "Wanangu, si ni nyinyi mliotusomea ile ya mjane?"

Tuliporudi tukafungua Biblia tena, na safari hii tukaanza mstari wa 38. Hapo Yesu anawaonya watu wajihadhari na waandishi: wanapenda kanzu ndefu na viti vya mbele, wanasali sala ndefu, na huku wanakula nyumba za wajane. Mara tu baada ya maneno hayo anaketi kulielekea sanduku la sadaka. Na ni nani anayetokea? Mjane, anatoa riziki yake yote. Kisha sura ya 13 inapoanza, mwanafunzi anastaajabia mawe makubwa ya Hekalu, na Yesu anasema halitabaki jiwe juu ya jiwe. Kweli, mwaka wa 70 Warumi walilibomoa.

Katika Misa, Injili hii husomwa Dominika ya 32 ya Mwaka B. Yaweza kusomwa kwa kirefu au kwa kifupi, na ile fupi huanza mstari wa 41. Waandishi wanabaki nje! Pengine ndiyo sababu wengi wetu hatujaunganisha mambo haya mawili.

Hebu sasa tuhesabu pesa zenyewe. Vijisenti vile viwili vilikuwa sawa na sehemu moja kati ya 64 ya dinari, na dinari moja ndiyo iliyokuwa mshahara wa kibarua wa kutwa (Mathayo 20:2). Kama leo kibarua analipwa shilingi 500, basi mama huyo alitoa shilingi 8 hivi. Kwa Hekalu hazikuwa kitu. Kwake zilikuwa chakula.

Hatusemi mafunzo tuliyopewa zamani ni ya uongo. Moyo wa mjane huyu ni mkubwa, na imani yake yatushinda sote. Lakini tazameni vizuri: Yesu hawaambii wanafunzi waende wakawadai wajane wengine. Anawaita waone. Waone imani ya mama, na waone pia mpango uliomwacha bila kitu. Torati ilikuwa imeagiza kwamba kila mwaka wa tatu zaka iwekwe mjini, ili wageni, yatima na wajane wale washibe (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Mjane alipaswa kulishwa, na kumbe yeye ndiye anayelisha.

Somo la kwanza la Dominika hiyo hiyo ni la mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17:10-16). Naye alibaki na konzi ya unga tu, akampikia nabii Elia kwanza. Lakini unga haukuisha, na yeye na mwanawe wakala siku nyingi. Sadaka ile haikumwacha na njaa. Tena katika Matendo 6:1-6, wajane waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, Mitume hawakuwaambia wavumilie tu. Waliiambia jumuiya ichague watu saba wa kushughulikia jambo hilo. Kwa lugha yetu, hiyo ni kamati.

Kikundi chetu nacho kilikaa chini kikazungumza, bila kumtaja mtu kwa jina. Wakakubaliana mambo matatu. Kwanza, kila mtu achange kulingana na uwezo wake, na asiye na pesa alete kazi, kama kuponda kokoto au kuchota mchanga. Pili, faini isitozwe kabla wawili hawajamtembelea mwenye deni nyumbani kwake. Tatu, kila mkutano mweka hazina atenge kidogo kwa ajili ya mwenye shida. Mama alirudishiwa mahindi yake. Tangi lilichelewa miezi miwili, lakini likaisha, naye anateka maji hapo kama wengine.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kati yetu, kuna anayelipa mchango kwa kulala njaa? Tungejuaje?
2. Faini zetu huwaangukia akina nani zaidi?
3. Mwaka huu, sanduku letu limemrudishia mjane nini?