Subaru Inanguruma, Nguvu Iko Wapi?

Ukiwa Nairobi, huhitaji kugeuka ili ujue Subaru inapita. Mngurumo wake wa kudundadunda hulitangulia gari na kubaki mtaani likishapita, na vijana wenye Impreza au Forester za turbo huwalipa mafundi fedha nzuri ili uongezeke. Wanaamini kwamba gari likilia zaidi lina nguvu zaidi. Imani hiyo ina wafuasi wengi na ushahidi haba. Mlio wanaoutafuta unatokana na mabomba yasiyolingana urefu, na Subaru wenyewe walipoyalinganisha, mlio ulififia na injini ikafanya kazi vizuri zaidi.

Tuanze ndani ya silinda. Petroli ikishaungua, pistoni husukumwa chini, na kabla haijafika mwisho wa safari yake valvu ya kutolea moshi hufunguka. Wakati huo shinikizo ndani bado ni kubwa, kwa hiyo moshi hutoka kwa kishindo. Kishindo hicho huzaa wimbi linalokimbia bombani kwa kasi ya sauti, na kwa kuwa moshi ni wa moto sana, kasi hiyo huzidi mita 500 kwa sekunde. Katika hewa ya kawaida sauti huenda takriban mita 340. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka au linapokutana na mabomba mengine, sehemu yake hurudi kinyumenyume, tena likiwa limegeuka: lilikwenda likisukuma, linarudi likivuta.

Ufundi wa ekzosi uko hapo. Kuna muda mfupi ambapo valvu ya kutolea moshi bado haijafunga na ya kuingizia hewa imeanza kufunguka. Wimbi la kuvuta likiwasili wakati huo, hufyonza mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya, ambayo haipati nafasi mpaka moshi uondoke, kama abiria wa daladala wanaosubiri wenzao washuke. Wimbi likiwahi au likichelewa, faida hiyo inakosekana, na pengine moshi unarudishwa ndani.

Chukua bomba la sentimita 80 kutoka kwenye valvu hadi mahali mabomba yanapoungana. Kwenda na kurudi ni mita 1.6, safari ya milisekunde 3 hivi. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 10, kwa hiyo wimbi limerudi baada ya karibu thuluthi ya mzunguko. Punguza hadi 3,000 na mzunguko unakuwa wa milisekunde 20. Sasa wimbi lile lile linarudi kabla hata ya sehemu moja kati ya sita. Bomba halijabadilika, ila miadi imeharibika. Ndiyo maana hakuna ekzosi iliyo bora kwa kila mwendo. Mabomba marefu na membamba husaidia injini inapozunguka taratibu, mafupi na mapana inapozunguka kwa kasi. Mtu anayeshinda kwenye foleni ya Waiyaki Way injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kisha akanunua mabomba ya mbio, amelipia nguvu ambayo hataifikia mpaka usiku wa manane barabara ikiwa tupu.

Gerejini utasikia pia kwamba injini inahitaji kubanwa kidogo, kwamba ukifungua ekzosi kabisa gari linakosa mvuto. Dalili wanayoiona ni ya kweli, maelezo ndiyo yaliyopinda. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi kwa taabu. Kinachopotea ni kasi ya moshi. Ukitoka kwenye bomba la inchi 2 ukaenda la inchi 3, nafasi ya kupita inaongezeka mara 2.25, na moshi ule ule sasa unatembea kwa chini ya nusu ya kasi yake ya awali. Mwendo wake ndio uliokuwa ukisaidia kuvuta mabaki, na mawimbi nayo yameharibikiwa ratiba. Mwendesha bodaboda aliyeng'oa matumbo ya sailensa hupambana na jambo hilo kila anapopandisha kilima na abiria wawili, ila kelele humfariji.

Sasa turudi kwa Subaru. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 2, 4. Silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande wa pili. Maana yake upande mmoja hutoa vishindo viwili mfululizo, kisha hunyamaza huku wa pili ukitoa vyake. Katika magari yenye mngurumo huo, turbo imekaa upande wa kulia, hivyo moshi wa kushoto lazima upite chini ya injini kabla ya kuifikia. Bomba la upande huo ni refu zaidi, vishindo vinawasili vikiwa vimerundikana huku na kuachana kule, na sikio linasikia ule mdundo. Legacy ya kizazi cha nne, iliyotoka 2003, ilipewa mabomba yenye urefu sawa, na ile ya turbo ikaunganisha silinda 1 na 2 pamoja, 3 na 4 pamoja, ili kishindo kimoja kisimkanyage mwenzake. Turbo ikaanza kusukuma hewa mapema zaidi. Mngurumo ukatulia, na wapo wanaolalamika mpaka leo.

Ukweli ni kwamba gari la turbo lina sheria zake. Feni ya turbo huyavunja mawimbi, kwa hiyo baada yake hakuna hesabu ya urefu. Kinachotakiwa ni moshi uondoke bila kizuizi. Hapo bomba pana lina maana, hasa kipande cha kwanza kinachoshuka kutoka kwenye turbo. Hatari ni kwamba turbo iliyofunguliwa njia inaweza kuzidisha shinikizo kuliko lile ambalo kompyuta ya gari imepangiwa. Petroli isipoongezwa sawasawa, pistoni inaweza kupasuka. Kwa hiyo bei ya bomba si bei ya kazi. Ongeza ya kupanga upya kompyuta, na ya mtu anayejua kuipanga.

Kinachotoka hakiwezi kuzidi kilichoingia. Impreza aliyoshindia Colin McRae Safari Rally ya 1997, na ile ya Richard Burns ya 2000, zilibanwa na kanuni: hewa yote ya turbo ilipita kwenye tundu la milimita 34, na nguvu zikabaki karibu na farasi 300 hata kwa ekzosi ya kiwandani kwao. Nairobi nayo ina tundu lake. Kwenye mita 1,700 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kati ya sita, na gari lisilo na turbo hupoteza nguvu kiasi hicho hicho. Hakuna sailensa inayouzwa itakayoirudisha.

Na masega, yale ya ndani ya ekzosi yanayosafisha moshi? Wengi huyatoa kwa kuwa madini yake ya platinamu, paladiamu na rodiamu yana soko, kisha huambiwa gari litapaa. Masega mazima hayazuii sana. Kazi yake ni kugeuza monoksidi ya kaboni na sumu nyingine kuwa gesi zenye madhara madogo, na ukiyatoa, anayevuta moshi huo ni mtoto aliye kwenye gari la nyuma yako. Tofauti ni pale yalipoziba, jambo la kawaida kwa gari la mtumba linalokula oili.

Ukiamua kutengeneza, angalia kazi yenyewe. Bomba lililokunjwa kwa nguvu hubonyea kwenye kona, na inchi 2.5 inageuka kuwa 2 bila mtu kukuambia. Mafundi wa zamani walijaza mchanga mkavu ndani kabla ya kukunja ili kuzuia hilo. Ingiza kidole kwenye kiungo kabla hakijafungwa uone kama chuma cha kuchomelea kimevimba kwa ndani. Kisha tazama gasketi baada ya wiki: michirizi ya masizi meusi maana yake moshi unavuja, na unaweza kuingia hadi ndani ya gari.

Lakini kabla ya yote hayo, mwombe fundi afungue sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega na afunge geji ya shinikizo kwenye tundu lake. Injini ishikwe kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Ikisoma zaidi ya pauni 3 kwa inchi ya mraba, kuna kitu kimeziba, na kukiondoa kutakupa nguvu kuliko bomba lolote jipya. Ikisoma chini ya hapo na gari lako halina turbo, weka fedha zako mfukoni au nunua plagi, filta ya hewa na tairi nzuri.