Pikipiki nzito husumbua inapokwenda polepole

KATIKA kituo kimoja cha petroli mjini Embu, mbele ya wachuuzi wa ndizi na vijana wa bodaboda, pikipiki yangu ililala chini kama ng'ombe aliyechoka. Haikuwa mbioni. Mwendo wake ulikuwa wa mtu anayetembea. Nilikuwa nimekata kushoto kutoka kwenye pampu, mtoto akakatiza, nikafinya breki ya mbele. Basi. Karibu kilo 290 za Yamaha FJR1300 zikanielemea, na mke wangu aliyekuwa nyuma akabanwa mguu.

Alipona, maana sanduku la kando lilibeba uzito ule. Lisingekuwapo, bomba la moshi lingemchoma muundi. Lakini alikataa katakata kupanda tena. "Mbio unajua," aliniambia. "Kutembea ndiko hujui."

Wengi hudhani kwamba mwenye kuimudu pikipiki kubwa barabara kuu ameshaimudu. La hasha. Ikishika kasi, magurudumu hujinyoosha yenyewe na mashine husimama wima bila ya kushikiliwa. Ikiwa mwendo wa miguu, mizani yote ni yako. Na tangi likijaa lita 25, petroli peke yake ni takriban kilo 18, tena zimekaa juu.

Mwalimu wangu alikuwa mmoja wa vijana wale, aliyewahi kubeba magunia ya miraa huko Maua kwa Boxer isiyofika nusu ya uzito wa yangu. Mzigo ni mzigo. Alinipeleka kwenye uwanja mtupu, akapanga mawe mawili, akaniamuru niyazunguke kwa umbo la nane. Mke wangu aliketi chini ya mwembe akitazama.

"Mzee, usiachilie klachi yote," alisema. Klachi huachwa nusu, pale inapoanza kushika. Mafuta hayapandi wala hayashuki. Mguu wa kulia hugusa breki ya nyuma kidogo tu. Injini husukuma, breki huvuta, na pikipiki hukazika kama kamba iliyoshikwa pande zote mbili. (Wenye BMW za zamani wajihadhari: klachi zao kavu huungua upesi zikichezewa hivyo. Nyingi za Kijapani huoga ndani ya oili, hustahimili.)

Breki ya mbele isiguswe usukani ukiwa umekunjwa. Hilo ndilo kosa langu la Embu. Na macho je? Nilikuwa nikilitazama jiwe, na kila mara nililigonga. Nilipogeuza shingo na kutazama ninakokwenda, pikipiki ilifuata.

Nililiangusha dude lile mara mbili zaidi, nikajifunza na kuliinua. Usiiname mbele yake, utavunja kiuno. Tia gia ili lisibingirike, lipe mgongo, kalia ukingo wa kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, kisha usukume kwa miguu kwa hatua fupi fupi za kinyumenyume. Likiwa limelalia upande wa kulia, toa stendi kwanza, la sivyo litaangukia upande wa pili.

Saa tisa alasiri mke wangu alivaa helmeti yake bila kusema neno.

Runyenjes, Chuka, matuta yasiyokwisha. Kwenye mteremko wa daraja la Nithi, mahali ambapo basi lilitumbukia Jumapili ya Julai 24, 2022 na kuua zaidi ya watu 30, nilishuka kwa gia ya pili, injini ikishikilia, malori yakinipigia honi nyuma. Nikawaacha wapige.

Makutano, Meru, foleni ya matatu na mikokoteni ilitupokea. Tulijikokota katikati yake mpaka mwisho. Niliweka mguu chini mara nne. Mke wangu alihesabu.