Je, Wajua? Muuguzi Naye Hufundwa

Sogea, benchi lina nafasi. Leo nakuletea mambo ya vijana balehe wanaoishi na VVU, na hasa ya wale wanaowapokea kliniki. Yashike moja moja!

Je, wajua wako wangapi? Kwa makadirio ya UNICEF, vijana wa miaka 10 hadi 19 wanaoishi na VVU duniani ni karibu milioni 1.5. Katika kila 10, zaidi ya 8 wako Afrika kusini mwa Sahara. Ni hawa hawa tunaopanda nao daladala.

Je, wajua Kenya walitumia waigizaji kuwafunda watoa huduma za VVU? Vijana wa maigizo walifundishwa kujifanya wagonjwa, kila mmoja na kisa chake. Mtoa huduma anaongea naye, kamera inarekodi, kisha wote wanakaa kujadili: hapa ulimsikiliza, hapa ulimkatiza. Mafunzo ya siku 2, wagonjwa 7 wa kuigiza, utafiti wa vituo 24. Ukikosea kwa mwigizaji, hakuna kijana anayerudi nyumbani analia. Mimi hili nalipenda mno!

Na je, wajua maswali ya kumuuliza kijana yana mpangilio wake? Ulibuniwa Seattle, Marekani, mwaka 1972 na daktari Harvey Berman. Unaanza na nyumbani: unaishi na nani? Kisha shule, kisha mambo anayoyapenda. Dawa za kulevya, mapenzi na mawazo ya kujiua yanangoja mpaka kijana amekuzoea. Anza na mapenzi uone mdomo unavyofungwa!

Hebu shika na hili. Je, wajua kuna watoto wanaomeza ARV miaka na miaka bila kujua ni za nini? Nyumbani wameambiwa ni dawa za kifua, au vitamini. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo: mtoto wa umri wa shule aambiwe hali yake, kidogo kidogo, kadiri anavyoweza kuelewa. Sasa jiweke kwenye kiti cha muuguzi. Mtoto ameshaambiwa, anakutazama, anauliza, "Mama alijua?" Utajibu nini? Ndiyo maana watu wanafundishwa, tena kwa mazoezi, maana swali hilo haliko kwenye fomu.

Je, wajua kopo la dawa linaweza kumtoa kijana kwenye matibabu? Vidonge hulia kopo likitikisika, na kwenye bweni la watu 40 kila mtu anasikia! Wapo wanaotia pamba ndani ya kopo, na wapo wanaoacha kumeza kabisa. Mtoa huduma aliyefundwa haanzi na "Kwa nini umeruka dozi?" Anauliza: unalala wapi, sanduku lako lina kufuli, nani mwingine anajua, matroni ni mtu wa kuaminika? Maswali 4 tu, na mara nyingi tatizo lenyewe linajitokeza. Na kama kijana anaendelea vizuri, miongozo inaruhusu apewe dawa za miezi 3 hadi 6 kwa mkupuo mmoja, asikose vipindi kila mwezi kwa ajili ya foleni. Klabu za vijana za shirika la Baylor, zilizoanzia Botswana mwaka 2005, zimewawekea vijana siku ya Jumamosi, wasikose shule.

Je, wajua kijana mwenyewe anaweza kuwa mhudumu? Zimbabwe, mwaka 2004, kikundi kimoja cha vijana wanaoishi na VVU kilianza kukutana Harare. Kikazaa mpango wa Zvandiri. Leo vijana wa miaka 18 hadi 24, wenyewe wakiishi na VVU, wanapewa mafunzo, wanafanya kazi na kliniki, wanawatembelea wenzao majumbani na kuwakumbusha dawa kwa simu.

Unadhani ni maneno matupu? Sikiliza tarakimu! Utafiti ulifanyika Bindura na Shamva, vituo 16, kwa vijana wa miaka 13 hadi 19. Baada ya wiki 96, penye huduma ya kawaida, 36 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki au virusi vyao viko juu. Penye vijana wa Zvandiri walikuwa 25. Hakuna kidonge kipya hapo, ni mtu wa rika lako aliyefundwa kugonga mlango wako.

Je, wajua mabibi nao wamo? Mwaka 2006, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi 14 wa Mbare, Harare, kukaa benchini na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Baadaye vijana wa Zvandiri nao wakafundishwa ushauri wa namna hiyo, na mbinu hiyo ikajaribiwa katika vituo 60. Bibi na mjukuu, somo moja!

Je, wajua mtu mwenye VVU anaweza kuwa na mwenza asimwambukize kamwe? Julai 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi: anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hana hatari yoyote ya kumwambukiza mwenza wake kwa ngono. Rudia tena: hana hatari yoyote! Kijana wa miaka 18 anayeogopa hata kupenda anastahili kuyasikia haya kutoka kwa muuguzi anayeyasema bila kuona haya.

Kenya wana Operesheni ya sifuri tatu, waijua? Sifuri ya kukosa kliniki, sifuri ya kuruka dozi, sifuri ya virusi kuonekana. Vijana wanaojiunga wanaitwa mashujaa, na mimi nasema ni mashujaa kweli.

La mwisho, usiinuke bado. Je, wajua tangu mwaka 2019 kijana wa Tanzania anaweza kupima VVU bila ridhaa ya mzazi akiwa na miaka 15? Zamani ilikuwa 18. Na Afrika Kusini, kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2005, ni miaka 12. Umesikia sawasawa: 12!