SHAMBA LAKO NA JIKO LA SHULE

Mavuno yakiisha, wakulima wengi katika skimu zetu huwa na mahindi mengi na fedha kidogo. Deni la mbolea linadaiwa, karo ya shule inadaiwa, na lori la mnunuzi limesimama barabarani. Mkulima anauza. Ikifika Mei au Juni, ghala yake ni tupu, naye anakwenda sokoni na gorogoro mkononi kununua mahindi kwa bei iliyo kubwa kuliko ile aliyouzia. Pengine ni mahindi yake mwenyewe anayonunua.

Katika miezi hiyo hiyo mtoto wake hukaa darasani mchana kutwa bila kula kitu. Mwalimu yeyote atakuambia kwamba mtoto mwenye njaa hutazama ubao lakini hauoni.

Juu ya mvua hatuna amri. Lakini kuna mambo matatu ambayo tuna amri juu yake: kile tunachopanda, namna tunavyokiweka, na mtu tunayemwuzia. Makala hii yataka kukuonyesha jinsi mambo hayo matatu yanavyoweza kuunganishwa, ili nyumba yako ile, na shule iliyo karibu nawe ipate chakula kutoka shambani mwako badala ya kukinunua mbali.

MAHINDI PEKE YAKE HAYATOSHI

Mpango wa Eka Milioni ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa yaligawanywa, na maelfu ya jamaa wakapata makao katika sehemu kama Nyandarua na Lugari. Leo shamba lile alilopewa babu mmoja mara nyingi limegawanywa tena kwa wana na wajukuu. Eka zimepungua, midomo imeongezeka. Kwa hiyo kila eka imepasa kufanya kazi mbili.

Mkulima apandaye mahindi juu ya mahindi mwaka hata mwaka anajitafutia hasara. Mwaka 2011 ugonjwa mbaya wa mahindi ulionekana Bomet, ambao hukausha mmea mzima, kisha ukaenea katika wilaya nyingine. Mwaka 2017 viwavijeshi vya aina mpya vikaingia nchini. Aliyekuwa na mahindi tu alipoteza yote. Aliyekuwa na maharagwe, viazi vitamu na kunde pia alikuwa na kitu cha kuweka chunguni.

Tena kuna jambo la afya. Katika gramu 100 za mahindi makavu mna gramu 9 hivi za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika maharagwe makavu mna gramu 22 hivi. Na kile kinachopungua katika mahindi kimo ndani ya maharagwe, na kile kinachopungua katika maharagwe kimo ndani ya mahindi. Wazee wetu hawakusoma jambo hili katika kitabu, lakini walilijua. Ndiyo sababu Wakikuyu walipika githeri, Wakamba wakapika isyo, na Wajaluo wakapika nyoyo. Sufuria ya namna hiyo ni chakula kamili, na haihitaji nyama kila siku.

JINSI YA KUPANDA

Panda maharagwe siku ile ile unayopanda mahindi, mvua inapoanza. Ukichelewesha maharagwe, mahindi yatayafunika na kuyanyima jua.

Wengi hupanda mstari mmoja wa maharagwe kati ya mistari ya mahindi. Hiyo ni njia nzuri. Lakini kuna njia nyingine iliyojaribiwa katika magharibi ya Kenya, nayo huitwa MBILI. Panda mistari miwili ya mahindi ikiwa karibu, sentimita 50 kutoka mmoja hadi mwingine. Kisha acha nafasi ya mita moja, na katika nafasi hiyo panda mistari miwili ya maharagwe au njugu karanga. Halafu mistari miwili ya mahindi tena, na kuendelea. Idadi ya mahindi haipungui, na maharagwe hupata mwanga wa kutosha.

Chagua mbegu kwa mahali ulipo. Rosecoco hupenda sehemu zenye mvua ya kutosha. Mwezi Moja na Mwitemania huvumilia zaidi sehemu zenye mvua chache. Katika nchi kavu usisahau mbaazi na kunde. Mbaazi ina mizizi mirefu, nayo husimama shambani wakati mimea mingine imekwisha kukauka.

Mimea hii hulisha udongo pia. Ng'oa mche wa maharagwe unapotoa maua, utazame mizizi. Utaona vifundo vidogo. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, vijidudu vilivyomo vinafanya kazi ya kuvuta naitrojini kutoka hewani na kuulisha mmea. Lakini usidhani kwamba kwa sababu hiyo utaacha kutia samadi. Maharagwe husaidia udongo, hayamalizi kazi yote.

Faida nyingine ni wakati. Maharagwe hukomaa kwa muda wa miezi miwili na nusu hadi mitatu, kabla ya mahindi. Yaani huingia nyumbani katika miezi ile ile ambayo ghala ni tupu.

KAUSHA KABLA YA KUWEKA

Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 katika hao wakafa. Hawakuuawa na njaa. Waliuawa na mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiishi kwa kupika. Kinga yake ni kukausha.

Usianike mahindi juu ya udongo mtupu. Tandika turubai au mkeka. Ukitaka kujua kama yamekauka, fanya hivi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko. Tia mahindi hadi theluthi ya chupa, na vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yangali mabichi, yarudishe juani. Isipogandamana, yamekauka kiasi, lakini yaendelee kupata jua, kisha yapimwe kwa mashine ya ghala kabla ya kuuzwa, kwa maana kipimo kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Baada ya kukausha, weka katika magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko ya plastiki ndani. Funga kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza hewa wakafa wenyewe, bila dawa. Maharagwe huwekwa vivyo hivyo, kwa maana fukusi huyatoboa upesi. Lakini ukifunga mahindi mabichi humo, utakuwa umefungia ukungu ndani. Tena walinde panya wasitoboe mifuko hiyo.

HESABU YA JIKO LA SHULE

Mwaka 2009 Serikali ilianza mpango ambao shule zilipelekewa fedha ili zinunue chakula cha wanafunzi kutoka karibu, badala ya kungoja chakula cha msaada kutoka mbali. Mwaka 2018 Shirika la Chakula Duniani likaikabidhi Serikali ya Kenya kazi yote ya chakula cha shule. Katika mpango huo mtoto mmoja alipimiwa gramu 150 za nafaka na gramu 40 za maharagwe au jamii yake kwa siku, pamoja na mafuta na chumvi kidogo.

Tutumie kipimo hicho, hata kama shule yako haimo katika mpango wowote. Chukua shule ya watoto 400. Kwa siku moja jiko litataka kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe. Kwa muhula wenye siku 60 za masomo, litataka kilo 3,600 za mahindi na kilo 960 za maharagwe.

Mkulima mmoja akisikia hesabu hiyo atakimbia. Lakini igawanye kwa wakulima 20. Kila mmoja atatoa kilo 180 za mahindi, yaani magunia mawili ya kilo 90, na kilo 48 za maharagwe. Basi hayo tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa tazama upande wa nyumba. Kwa kawaida mtu mmoja nchini Kenya hula karibu gunia moja la mahindi kwa mwaka. Jamaa ya watu sita yapasa iweke magunia saba ili isipungukiwe. Na kwa kipimo kile cha gramu 40 kwa siku, jamaa hiyo itahitaji kilo 90 hivi za maharagwe kwa mwaka.

Tuseme una eka mbili za mahindi na maharagwe, ukavuna magunia 20 ya mahindi na kilo 360 za maharagwe. Ondoa kwanza magunia saba ya nyumba na mawili ya shule. Yamebaki 11 ya kuuza unakotaka. Katika maharagwe ondoa kilo 90 za kula, 48 za shule na 30 za mbegu. Zimebaki kilo 192. Angalia mpango wa hesabu hiyo: nyumba imekuja kwanza. Asiweko mkulima wa kulisha watoto wa shule nzima huku wake wanalala njaa.

MALIPO YAKICHELEWA

Hapa wengine watauliza, na wana haki ya kuuliza: "Je, shule isipolipa?" Ni kweli kwamba shule nyingine hungoja fedha, na fedha huchelewa. Mkulima mdogo hawezi kumkopesha mtu muhula mzima.

Dawa yake ni kupeleka kidogo kidogo. Badala ya kupeleka chakula cha muhula kwa siku moja, kikundi kipeleke cha majuma mawili, yaani kilo 600 za mahindi na kilo 160 za maharagwe. Kwa kila mkulima ni kilo 30 na kilo nane tu. Mkilipwa, peleka tena. Msipolipwa, hasara ni ndogo, na chakula kilichobaki kingali katika ghala yenu.

Njia ya pili ni ya wazazi. Mtoto mmoja hula kilo tisa za mahindi na kilo 2.4 za maharagwe kwa muhula. Hayo ni gorogoro nne na nusu za mahindi, na moja na kidogo ya maharagwe. Mzazi asiye na fedha lakini ana mahindi makavu aruhusiwe kuyaleta, yapimwe, na aandikiwe katika daftari ya shule kuwa amelipa chakula cha mtoto wake.

MAMBO YA KUFANYA SASA

1. Kutaneni katika chama chenu cha ushirika au katika kikundi, mchague watu watatu waaminifu. Yafaa mmoja wao awe mama, kwa kuwa akina mama ndio wajuao maharagwe yapi huiva upesi.

2. Nendeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule kabla ya kupanda, si baada ya kuvuna. Ulizeni idadi ya watoto, aina ya maharagwe wanayotaka na siku za kupeleka. Mapatano yaandikwe na kutiwa sahihi, pamoja na bei na siku ya malipo.

3. Pandeni aina moja ya maharagwe kwa ajili ya shule. Maharagwe yaliyochanganywa hayaivi pamoja. Mengine huvurugika na mengine yangali magumu, na kuni huisha bure. Mwambieni mpishi ayaloweke usiku kucha, kisha ayachemshe mpaka yaive kabisa.

4. Pimeni kila kitu kwa mizani. Kanuni za mazao ya chakula za mwaka 2019 zinataka magunia yasizidi kilo 50. Lumbesa humwibia mkulima.

5. Wekeni daftari yenye jina la kila mkulima, tarehe, kilo alizoleta, na fedha alizolipwa. Sisi makarani tunapenda kusema jambo hili, lakini ni la kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Angalia pia kalenda. Mahindi ya Trans Nzoia na Lugari huvunwa kuanzia Oktoba, na muhula wa kwanza hufunguliwa Januari. Kwa hiyo mna majuma ya kutosha ya kukausha na kupima. Maharagwe ya mvua ndefu huwa tayari katikati ya mwaka, nayo yatafaa muhula wa mwisho.

Soko la mbali lina madalali, lina gharama ya gari, na bei yake hukatwa na watu msiowajua. Soko hili liko mwendo wa miguu kutoka mlangoni pako, na wateja wake ni watoto wenu wenyewe. Bwana Shamba au Bibi Shamba wa sehemu yako atakusaidia katika mambo ya mbegu na kukausha. Lakini kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu hakuhitaji kumngoja mtu yeyote. Nendeni kabla mvua haijanyesha.