Kusoma Dini za Wengine Chuo Kikuu: Je, Inafaa?



Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutujia kutaka ushauri. Mwaka jana alikuja mama mmoja na barua ya binti yake, aliyepata nafasi ya kusoma elimu ya dini chuo kikuu. Kilichomtia hofu ni kwamba humo pia mnasomeshwa Ukristo na dini za asili za Kiafrika. "Maalim, si ndiyo njia ya kumpoteza mtoto?" Kusema kweli, hofu hiyo hata sisi tuliwahi kuwa nayo.

Tulimkumbusha waliotutangulia. Al-Biruni alijifunza Kisanskriti na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya dini na desturi za Wahindi, naye ni katika wanazuoni wa Kiislamu tunaojivunia. Na Sayyidna Jaafar bin Abi Talib (r.a.), alipotakiwa na Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, amsomee Qur'ani, alisoma mwanzo wa Surat Maryam.

Kisha akauliza: atapata kazi gani? Hapa Mombasa muuguzi humhudumia Muislamu mwenye kisukari anayetaka kufunga, Shahidi wa Yehova anayekataa kutiwa damu, na Mhindu ambaye jamaa zake watachoma maiti yake. Muuguzi asiyeelewa humkaripia mgonjwa, na mgonjwa aliyekaripiwa hufunga kwa siri bila kumwambia daktari. Hapo ni roho ya mtu.

Wakili naye je? Kifungu cha 170 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaipa Mahakama ya Kadhi kesi za ndoa, talaka na mirathi, ila pale pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Sasa chukua mzee aliyesilimu, akafariki, na watoto wa mke wa kwanza ni Wakristo. Anayewajua watu wa pande zote mbili huenda akawapatanisha kabla ndugu hawajaacha kusalimiana.

(Mwalimu naye, asimwadhibu Msabato kwa kukosa masomo ya Jumamosi.)

Tuliweka sharti moja tu: darsa ya tawhidi asiiache. Binti akaenda. Likizo ya kwanza alirudi na maswali kumi na moja juu ya Uislamu, aliyoulizwa na wenzake darasani. Mawili hatukuweza kuyajibu papo hapo, ikabidi tufungue vitabu pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.