Faenza, mji ulioondoa michoro sahanini

Katikati ya karne ya 16, wafinyanzi wa Faenza, kaskazini mwa Italia, waliacha kuuza kile walichosifika nacho. Sahani zao zilikuwa zimejaa michoro ya visa vya Biblia na vya miungu ya Kirumi, ukingo hadi ukingo. Kuanzia miaka ya 1540 zikatoka tanurini nyeupe pe. Katikati palichorwa nembo ya ukoo au mtoto mwenye mabawa, kwa mistari michache ya buluu na manjano.

Weupe huo si wa udongo. Mfinyanzi alichoma chombo mara ya kwanza, akakichovya katika uji wa mchanga, risasi na bati vilivyosagwa, akakichoma tena. Moto uligeuza uji ule kuwa kioo, na bati likakifanya kioo kisipitishe mwanga, hata rangi ya udongo ikafichika. Faenza walipaka uji huo kwa unene.

Ufundi wenyewe ulitoka Iraki. Huko, katika karne ya 9, mafundi waliokosa udongo wa kauri ya China waliiga weupe wake kwa bati. Vyombo vyao vilisafiri na majahazi: vigae vyake vimefukuliwa Shanga na Manda, visiwani Lamu. Ulaya ufundi huo ulishika mizizi Hispania na Italia.

Michoro ilipopungua, umbo ndilo lililobeba kazi. Yakafinyangwa mabakuli yenye kingo za mawimbi, kama ya wafua fedha, na vikapu vya matunda vilivyotobolewa tobotobo. Matajiri waliagiza seti nzima za mezani; Albrecht wa Tano, mtawala wa Bavaria, alipata yake kwa Leonardo Bettisi, maarufu kama Don Pino. Baadaye mafundi wa Ufaransa nao wakaiga.

Vyombo vingi vyeupe vya Faenza vinaonekana leo katika makumbusho ya keramiki ya mji huo, yaliyoanzishwa mwaka 1908, yakabomolewa kwa mabomu mwaka 1944, kisha yakajengwa upya. Ukifika, tafuta chombo kilichomeguka ukingo. Kauri ya China ni nyeupe hadi ndani. Hapa utaona udongo wa kahawia hafifu chini ya ngozi ya kioo. Siri ya Wachina mafundi wa Iraki hawakuipata, lakini walichobuni wakiitafuta kilitosha kupamba meza za watawala.