Mashine ya Michezo: Ipi Yafaa Nyumbani?

Jumapili baada ya Misa baba mmoja alinijia ofisini. Amepata fedha za kahawa, na wanawe wanamwomba mashine ya michezo ya televisheni. "Bwana Karani, ninunue ipi?" Jibu langu lawafaa na wasomaji wengine.

Mashine mbili zinazoshindana zilitoka mwezi mmoja, Novemba 2020: PlayStation 5 ya Sony, Japani, na Xbox ya Microsoft, Marekani. Kila kampuni ilitoa yenye tundu la diski kwa dola 499, na isiyo na tundu kwa bei ndogo: Sony dola 399, Microsoft dola 299.

Angalieni hapo! Isiyo na tundu hupata michezo yake kwa intaneti tu, na mchezo mkubwa hupita gigabaiti 50. Kwetu kijijini, rahisi hugeuka ghali. Diski huazimwa, tena huuzwa, ingawa michezo mingine ya diski nayo hudai intaneti.

Umeme ukikatika, zote huzimika. Nintendo Switch ya mwaka 2017 ina nguvu kidogo, lakini ina betri na kioo chake, huchezwa mkononi.

Tena diski ya Sony haichezi katika Xbox. Basi ulizeni kwanza jirani anayo ipi, watoto wapate kuazimana.

Mwisho nikamwuliza, "Na ada ya shule, mzee?" Akanyamaza, kisha akacheka. Ada kwanza; mashine ingoje mavuno yajayo.